Bustani juu ya tishali: vile msanii wa New York alitumia maji kuzunguka sheria ya nchi kavu

Huko New York, mji wa Marekani wenye watu zaidi ya milioni 8, mtu haruhusiwi kuchuma tunda, mboga wala jani la dawa ndani ya bustani za serikali ya mji. Unaweza kutembea humo, kukaa kwenye nyasi, kucheza mpira, kupiga picha. Kuchuma na kula, hapana. Mwaka 2016 msanii moja mwanamke, Mary Mattingly, alitafuta tishali, ile chombo pana ya chuma isiyo na injini, yenye inavutwa na boti ingine. Yeye na wenzake walilijaza udongo, wakapanda miti ya matunda, mboga na majani ya dawa, kisha likafungwa kando ya mto. Watu wakaambiwa: ingieni, chumeni, ni bure.

Sheria haikuvunjwa. Katazo la kuchuma ni la bustani za mji, na bustani za mji ziko nchi kavu. Tishali linaelea juu ya maji, na juu ya maji kanuni ni zingine.

Kazi hiyo iliitwa Swale. Kwa Kiingereza neno hilo ni mtaro mpana, si wa kina sana, wenye unapokea maji ya mvua na kuyaacha yaingie polepole ndani ya udongo. Wakulima wa milima ya Kivu wanaijua kazi ya namna hiyo, wanaifanya kwa jembe ili mvua isibebe shamba. Lakini Swale haikuwa mradi wa kilimo. Ilikuwa sanaa, na tena ni sanaa ya aina yenye wengi wetu hatujazoea kuiita sanaa.

Sanaa yenye unaingia ndani

Tukisema sanaa, mtu anafikiri picha ukutani, sanamu ya mti, ao wimbo. Unasimama mbele yake, unaangalia, unaenda. Kuna aina ingine yenye msanii hatengenezi kitu cha kuangalia, anatengeneza fasi ya kuingia. Unapita ndani kwa mwili mzima: unasikia harufu, unagusa, unakanyaga, masikio yanafanya kazi sawa macho. Ukiwa ndani yake, wewe pia unakuwa sehemu ya kazi.

Ndani ya Swale mtu alipita kwenye ngazi ya chuma toka nchi kavu. Mara moja miguu inajua kama udongo huu unatikisika. Ni shamba, lakini linapanda na kushuka na maji. Unainama kuchuma jani la kitunguu, na nyuma ya majani unaona ukuta wa bandari, daraja, makamio. Hakuna mtu wa kukueleza kama mji huu una viwanda na pia una mto: vyote viwili viko mbele yako kwa wakati moja, na kimoja kiko mkononi mwako, tayari kuliwa.

Hapo mtu anaweza kuuliza: sasa tofauti na bustani ya kawaida ni gani? Tofauti ni swali lenye kazi ile inauliza. Bustani ya kawaida inakupa mboga. Hii inakupa mboga na kukuuliza kwa nini mboga hiyo haiwezi kuota metro kumi pembeni, kwenye udongo wenye ni wa watu wote.

Uzito si mchezo

Wasikilizaji wetu wa Kalemie, Uvira na wa ziwa Kivu wanajua chombo cha maji kikizidiwa kinafanya nini. Kwa hiyo tuangalie kidogo hesabu, kwa sababu shamba lenye kuelea si jambo la kujaribu na boti yoyote.

Tishali la Swale lilikuwa na urefu wa metro karibu 40 na upana wa metro 12. Hiyo ni metro za mraba karibu 480. Tuseme unaweka udongo wa sentimeta 30 tu juu yake yote: unapata metro kibiki 144. Udongo wenye umelowa maji unaweza kufika kilo 1,500 kwa metro kibiki moja, na hata kuzidi. Tayari ni zaidi ya tani 200, kabla ya kupanda mti hata moja na kabla ya mgeni wa kwanza kuingia. Udongo ukirundikwa upande moja, chombo kinainama. Mvua ikinyesha na maji yasipate njia ya kutoka, uzito unaongezeka usiku, watu wakiwa wamelala.

Ndiyo maana tishali lilifaa. Lilikuwa chombo cha kubeba mchanga wa kujengea. Mchanga ni mzito sawa udongo, chombo kilizaliwa kwa kazi hiyo. Na hapo kuna jambo lenye mimi naona ni zuri kushinda maelezo yote ya wataalamu wa sanaa: chombo kilekile chenye kilisaidia kumwaga betoni juu ya mji, sasa kinarudisha udongo na miti mbele ya huo mji.

Mattingly hakuanzia hapo. Mwaka 2009 alikuwa ametengeneza kazi ingine juu ya tishali, Waterpod, yenye ilizunguka komini zote tano za New York. Humo watu waliishi kabisa kwa miezi ya joto, wakikinga maji ya mvua, wakilima mboga na kufuga kuku. Wazo lilikuwa kujua mtu anaishi namna gani kama maji ya bahari yanapanda na nchi kavu inapungua. Swale ilikuja na swali la karibu zaidi: chakula.

Ngano mbele ya benki

Mbele yake kulikuwa mama mwingine, na bila kumtaja hadithi haikamiliki. Agnes Denes alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1931, akawa msanii Marekani. Mwaka 1982, kwenye ncha ya kusini ya Manhattan, kulikuwa uwanja mtupu kando ya maji. Haukuwa udongo wa asili: ulikuwa takataka, mawe na udongo wenye ulitolewa wakati walichimba misingi ya majumba ya World Trade Center, ukamwagwa mtoni ili nchi kavu iongezeke. Barabara mbili toka hapo ni Wall Street, fasi ya mabenki na soko la hisa.

Denes na wasaidizi waliondoa mawe na takataka, wakaleta makamio 200 ya udongo, wakachimba mifereji 285 kwa mkono na kutia mbegu za ngano kwa mkono. Shamba lilikuwa la ekari 2, yaani chini kidogo ya hektari moja. Walilitunza miezi minne. Tarehe 16 mwezi wa 8 walivuna zaidi ya kilo 450 za ngano.

Kilo 450 ni nini? Kwa mkulima wetu wa Masisi ao wa uwanda wa Ruzizi, si mavuno ya kujisifia. Lakini kiwanja chenyewe wakati ule kilihesabiwa kuwa na bei ya dola bilioni 4.5. Denes alitaka watu wa mabenki wapite kila asubuhi na kuona ngano mbele ya madirisha yao, kisha wajiulize kwa nini ardhi ya bei hiyo inapandwa kitu cha kuliwa, na kwa nini kuna watu wenye njaa kama nafaka inauzwa na kununuliwa na watu wenye hawajawahi kuigusa. Baadaye ngano hiyo ilisafirishwa ndani ya maonyesho kuhusu kumaliza njaa, katika miji 28 ya dunia. Shamba lenyewe halipo tena. Sasa pale kuna magorofa.

Hilo ndilo tatizo la kazi hizi: msimu unaisha, picha zinabaki, kiwanja kinarudi kwa wenye pesa. Swale ilikuwa na bahati tofauti, na bahati hiyo ilitoka kwa wakaaji wa mto moja mchafu.

Mto wenye ulikuwa jalala

Kati ya fasi za kwanza zenye Swale ilisimama ni Concrete Plant Park, ndani ya komini ya Bronx, kando ya mto Bronx. Jina la parki hiyo linasema yote: ni parki ya uzine wa betoni. Toka mwisho wa miaka ya 1940 mpaka 1987 kampuni ilichanganya simenti, mchanga na kokoto hapo, makamio yakiingia na kutoka. Uzine ulipofunga, kiwanja kilibaki kimeachwa. Watu walitupa matairi na takataka. Ndani ya mto wenyewe kulikuwa hata magari, na siku za kusafisha yalitolewa kwa mashine.

Mto Bronx una urefu wa kilometa karibu 37 na ndio mto pekee wa maji matamu ndani ya New York. Viwanda viliutumia kama mfereji wa uchafu kwa zaidi ya karne moja. Mpaka leo mvua kubwa ikinyesha, mabomba ya mji yanazidiwa, na maji ya vyoo yanachanganyika na maji ya mvua na kuingia mtoni. Mkaaji wa Bukavu hana haja ya kuelezwa zaidi: plastiki za mji zinashuka na mvua mpaka ziwani, kisha zinakwama kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi, na taa zinazimika ndani ya nyumba za walewale wenye walizitupa na wenye hawakuzitupa.

Kusini mwa Bronx ni kati ya fasi maskini kushinda zote za Marekani. Makamio mengi yanapita hapo, na watoto wengi wana ugonjwa wa pumu. Karibu na hapo kuna Hunts Point, soko la jumla la chakula lenye ni moja ya makubwa ya dunia: sehemu kubwa ya matunda na mboga za mji inapitia hapo. Lakini mama wa kartie hiyo anaweza kutembea muda mrefu kabla ya kupata duka lenye mboga mbichi ya bei yake. Chakula kinapita mbele ya mlango wake, yeye anabaki na moshi wa makamio.

Mwisho wa miaka ya 1990, vijana na vikundi vya wakaaji walikataa kiwanja cha uzine kiuzwe. Walidai kiwe parki. Mwaka 2000 kilipewa idara ya bustani ya mji, na parki ilifunguliwa 2009. Waliamua kitu kimoja chenye kinastahili kuangaliwa: masilo, yale mapipa marefu ya kuwekea simenti na kokoto, hawakuyabomoa. Yalipakwa rangi, yakabaki yamesimama katikati ya majani, mbele ya mto. Mtoto wa leo anaona kwa macho kazi yenye babu zake walifanya hapo, na pia nani aliachiwa vumbi.

Mto nao ulianza kujibu. Mwaka 2007 alionekana biva, mnyama wa maji mwenye mkia bapa, anayeangusha miti kwa meno na kujenga kizuizi mtoni. Alikuwa wa kwanza ndani ya New York kisha miaka karibu 200. Biva walikuwa wameisha kwa sababu ya biashara ya ngozi zao, biashara yenye ilitajirisha mji mpaka picha ya mnyama huyo iko kwenye muhuri wa New York. Walimwita José, jina la mbunge mwenye alitafutia mto pesa za kusafisha. (Kwetu wabunge wanapewa majina ya barabara. Kupewa biva, si mbaya.)

Udongo wenye unakumbuka

Tusiende haraka kusema serikali ya mji ilikuwa na roho mbaya kwa kukataza watu kuchuma. Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: New York ina hekta karibu 12,000 za bustani za mji na watu milioni 8, kila mtu akichuma, mimea itaisha. Ya pili ni nzito zaidi: udongo wa kando ya maji ya mji wa viwanda unaweza kuwa na sumu, na mmea unaweza kuivuta, ao vumbi lake linashika majani.

Na hapa Kongo iko ndani ya hadithi, kupenda kusipende. Mwaka 1940, wakati wa vita, kampuni ya Union Minière ilisafirisha tani karibu 1,200 za madini ya uranium toka Shinkolobwe, Katanga, na kuyaweka ndani ya depo kando ya maji huko Staten Island, komini ingine ya New York. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliyanunua kwa kazi ya bomu la atomu. Mapipa yaliondoka. Lakini miaka karibu 40 baadaye, watafiti wa serikali walipopima kiwanja hicho, bado walikuta udongo wenye mionzi. Ukisikia mtu wa New York anaogopa kula jani lenye limeota kando ya maji, ujue kidogo ya hofu hiyo ilitoka kwenye mgodi wetu. Na kama wao wanaogopa depo, sisi tuseme nini juu ya wenye walichimba kwa mikono.

Kwa hiyo tishali lilijibu maswali mawili kwa pamoja. Lilikwepa katazo, na lilikuja na udongo wake, si ule wa kiwanja. Hayo ni mayele ya msanii, lakini ni mayele yenye yanaonyesha kidonda: ili upate udongo wa kuaminika ndani ya mji huo, ilibidi uubebe juu ya maji.

Katazo linapata tundu

Swale ilizunguka misimu kadhaa: Bronx, kisiwa cha Governors Island, na Brooklyn. Watu wengi waliipanda. Wengine walikuja kupiga picha tu na kwenda, hasa fasi za matajiri, na hilo hatuwezi kulificha. Pia tusidanganyane: metro za mraba 480 hazilishi kartie. Mtu mwenye njaa ya kweli hawezi kungoja tishali lirudi msimu kesho.

Lakini wakaaji wa kusini mwa Bronx waliona, na wafanyakazi wa idara ya bustani waliona pia. Miti ilichumwa na haikufa. Hakuna vurugu yenye ilitokea. Wakaanza kuuliza swali rahisi: kama inawezekana juu ya maji, kwa nini isiwezekane hapa chini? Mwaka 2017, ndani ya Concrete Plant Park yenyewe, idara ya bustani ilikubali kujaribu. Pamoja na chama cha mto, Bronx River Alliance, na watu wa Swale, walipanda bustani ya chakula yenye inaitwa Foodway. Ilikuwa fasi ya kwanza ndani ya bustani za mji ambapo mtu anaruhusiwa kuchuma na kula. Miti ya matunda na mimea ya kuliwa iko pembeni ya masilo ya zamani, treni zinapita karibu, maji ya mto yanapanda na kushuka na bahari.

Kwangu, hapo ndipo kazi hiyo ilipata nguvu yake. Mashamba ya wasanii yapo mengi. Yenye inasukuma ofisi ya serikali kubadilisha hata mstari moja wa mazoea yake, ni chache. Na haikufanya hivyo kwa kupiga kelele: ilionyesha kitu kinafanya kazi mbele ya macho ya wale wenye walisema hakiwezekani. Lakini bila vijana wenye walipigania kiwanja miaka kumi na zaidi kabla yake, tishali lingefika mbele ya ukuta na jalala, likageuka likaenda.

Wakaaji wana hofu ingine sasa. Mto ukiwa safi, parki ikiwa nzuri, bei ya nyumba inapanda. Mwaka 2019 otoroti ya Sheridan, yenye ilikuwa imetenga makartie na mto, iligeuzwa kuwa barabara ya kawaida yenye watu wanaweza kuivuka kwa miguu. Ni ushindi. Ila mwenye nyumba naye anaona ule ushindi, na anaongeza pesa ya kodi. Mtu mwenye alitoa matairi mtoni kwa mikono yake anaweza kufukuzwa na uzuri wenye yeye alitengeneza. Kwa hiyo vikundi vilevile vya mto vinasema pia juu ya nyumba, na wana haki.

Kwetu ufuko unafungwa kwa njia ingine: si katazo la kuchuma, ni ukuta. Pembeni ya ziwa Kivu, Goma na Bukavu, kuna fasi nyingi zenye mtoto anaishi metro mia mbili toka majini na hawezi kuyafikia bila kupita kwenye kiwanja cha mtu. Hiyo ni hadithi ya siku ingine, lakini swali la nani mwenye ufuko ni moja.

Kule Bronx, Foodway inaendelea. Bronx River Alliance inapeleka watu kwa vikundi, wanafundishwa kutambua mimea, kuchuma kidogo na kuachia wengine. Metro chache pembeni, nje ya mpaka wa bustani hiyo, ndani ya parki ileile, kuchuma bado kumekatazwa.